Kabla ya kumwambia mzee mwenye kisukari aache ugali, muulize anameza dawa gani

Ndugu yangu, bango hilo lisitoke nyumbani kwako. Umeandika kwamba Jumamosi utafundisha ulaji bora kwa wanafunzi, kwa wajawazito na kwa wazee wenye kisukari, na kwamba wote utawaonyesha bango moja lenye mchoro wa sahani na kuwaambia wapunguze wanga. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2019 katika kijiji kimoja cha pwani mkoani Tanga, na nusura yamuue bibi mmoja.

Mkufunzi wa semina yetu alitukaririsha kwamba ujumbe wa lishe ni mmoja kwa watu wote. Hadi leo nikimkumbuka napandwa na hasira, kwa sababu alikuwa mtaalamu, alijua dawa za kisukari zinavyofanya kazi, na hakututahadharisha hata kwa neno moja. Nikasimama mbele ya wazee nikasema ugali ni sukari, uacheni. Bibi yule alinitii kuliko wote. Siku tatu alishindia mchicha na chai isiyo na sukari, huku kila asubuhi akimeza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, kama alivyoandikiwa. Dawa hiyo huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata kama tumbo ni tupu, kwa hiyo sukari yake ilikuwa ikishushwa bila chochote cha kuipandisha.

Siku ya nne mjukuu wake alikuja mbio kuniita. Nilimkuta bibi ameketi mkekani, kanga imelowa jasho, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mumewe. Kipimo cha sukari ya damu kilionyesha milimoli 2.4 kwa lita, ilhali chini ya 3.9 tayari ni hatari. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, tulimnywesha maji ya sukari, na baada ya robo saa akaanza kututambua. Pembeni ya mkeka palikuwa na daftari la mjukuu, limeandikwa kwa penseli: "Mwalimu kasema ugali basi."

Tangu siku hiyo simwambii mtu aache chakula chochote kabla sijamuuliza jana usiku alikula nini na anatumia dawa gani. Niliporudi kuwauliza wazee wale, ndipo nilipogundua kwamba nyumba nyingi hula sinia moja, hivyo mchoro wangu wa nusu sahani ya mboga haukuwa na maana yoyote kwao. Tulikubaliana kila mmoja amege ugali usiozidi ngumi yake, aongeze mboga, na asiruke mlo akishameza dawa.

Wajawazito nao usiwaguse na hilo la kupunguza wanga, maana wanahitaji kula zaidi, si pungufu. Lakini anza na wazee. Kabla ya Jumamosi nenda kwa muuguzi wa kliniki yao ya kisukari, umuulize ni wangapi wanaotumia vidonge vya kushusha sukari au insulini, na umwombe aketi nawe siku ya somo.