Usibonyeze kitufe cha kijani kesho (jibu kwa mleta uzi wa CNC ya mtumba)

Mkuu, kesho usichonge kitu. Umesema umenunua CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya mtumba ya mihimili mitatu, kontrola yake, yaani hiyo kompyuta, ni Fanuc, unataka kuchonga kalibu za alumini za sabuni. Unauliza laptop ipi itahimili programu ya kuchorea na kupanga njia za kukatia, uanze na Fusion au FreeCAD, na saa moja ya mashine umtoze mteja shilingi ngapi. Sawa. Ila mwishoni ukachomekea, tena kwa furaha: "kuna jamaa kanipa laibrari ya zana zake pamoja na posti yake, simulesheni imepita safi, kesho naingia kazini." Hapo ndipo nilipoacha chai ikapoa. Kwa wageni: laibrari ni orodha ya zana na vipimo vyake ndani ya programu, posti ndiyo inayogeuza njia za kukatia kuwa msimbo wa mashine, na simulesheni ni kuitazama kazi kwenye skrini kabla ya kukata.

Mimi nami nilikuwa na jamaa, aliyeniuzia mafunzo na kunipa laibrari yake. Kila mwenye spindeli (mhimili unaozungusha zana) iliyowahi kulia ana jamaa.

Kazi yangu ilikuwa flanji za pampu, chuma laini, unene milimita 50. Zana namba 1 ilikuwa ile pana ya kusawazisha uso, fupi, imetokeza milimita 60. Zana namba 3 ilikuwa keekee ya milimita 20, imetokeza 140. Nilizipima zote mwenyewe na urefu wake nikauingiza kwenye jedwali la ofseti la mashine, pale inaposoma urefu wa kila zana: H1 ni 60, H3 ni 140. Sehemu hiyo sikukosea, na naomba iingie kwenye kumbukumbu za jukwaa, maana ndiyo pekee.

Sasa, kwenye laibrari ya zana kila zana ina visanduku viwili ambavyo wengi hatuvifungui: namba ya zana yenyewe, na namba ya ofseti ya urefu. Kwa kawaida zinafanana. Zana 3, ofseti 3. Jamaa yangu alitengeneza keekee yake kwa kunakili zana nyingine, akabadilisha kisanduku cha kwanza, cha pili akakiacha vilevile. Kwa hiyo faili lake lilisema zana 3, ofseti 1. Nikaliingiza kama lilivyo. Nikaweka njia za kukatia, nikaendesha simulesheni, keekee ikashuka kwenye skrini, ikatoboa, ikapanda. Hakuna sehemu nyekundu hata moja. Nikamwita kijana wangu aje atazame namna watu wa kisasa wanavyofanya kazi.

Posti ikatoa mistari hii, bado ninayo:

T3 M6
G0 G90 G54 X0. Y0.
S400 M3
G43 Z15. H1

Itazame hiyo H1 mwishoni. G43 inaiambia mashine ihesabu urefu wa zana kabla ya kushuka, na H inaiambia isome mstari upi wa jedwali. Mashine ikasoma mstari wa zana fupi, ikaamini keekee imetokeza 60 wakati imetokeza 140. Ilipoambiwa isimame milimita 15 juu ya kazi, yenyewe kwa hesabu zake ilikuwa inatii kabisa. Ncha ya keekee ndiyo iliyotakiwa kufika milimita 65 chini ya uso wa chuma kizima kisicho na tundu. Na hapo bado tuko kwenye G0, mwendokasi wa kusogea bila kukata, na mwendokasi wa mashine hauna kituo wala foleni.

Mlio wake sijui niueleze vipi. Keekee ilijipinda kwanza, ikakatika, flanji ikasukumwa chini ndani ya vaisi mpaka vipande vya kuinulia vikachomoka, mhimili wa Z ukatoa alamu ya servo na kila kitu kikasimama. Mkono wangu ulikuwa njiani kwenda kwenye kitufe chekundu. Ulifika baadaye, kuhudhuria mazishi.

Nikabadilisha keekee, nikafuta alamu, mashine ikawaka. Nikajua nimepona. Nilipopandisha spindeli mizunguko 3,000 ikaanza kulia, na mashimo yote baada ya hapo yakawa yanatoka mapana kuliko keekee. Beringi za spindeli hazipendi kupigwa nyundo kwa chini, na nilichofanya ndicho hicho. Kuzipata kutoka nje na kumlipa fundi wa kuzifunga viliondoka na milioni tisa. Mteja wa flanji akahamia kwa fundi mwingine, na huyo fundi anatumia mashine ya kawaida ya mkono, mzee wa watu, anapima kwa kalipa na kunusa. Flanji zake zilitoka nzuri tu.

Nilimpigia jamaa. Unajua alisema nini? "Ulitakiwa uhakiki." Wewe uliyeniuzia mafunzo, uliyesimama mbele ya watu ukasema simulesheni ikiwa safi bonyeza kijani usiwaze, leo ndiyo unalijua neno kuhakiki? Kwenye masomo yake yote hakuna mahali alipofungua faili la msimbo tukaliona kwa macho. Ilikuwa ni kuzungusha tu modeli yenye rangi nzuri. Watu wa hivi wamejaa, wanafundisha programu kwa sababu programu haivunjiki. Muulize lini mara ya mwisho kashika mashine, atakwambia yuko bize na darasa jipya.

Simulesheni haikunidanganya, naitetea. Inachora kile ulichoiambia: zana ya umbo hili, kipande cha ukubwa huu, sifuri iko hapa. Jedwali la ofseti lililo ndani ya kontrola haijawahi kuliona. Haijui G54 yako, yaani sifuri ya kazi, umeiweka wapi, haijui klampu umeifunga upande gani kama hukuichora. Halafu msimbo unatoka baada ya simulesheni, kupitia posti, na posti ni kijiprogramu kilichoandikwa na mtu, chenye mazoea ya mtu huyo na mashine ya mtu huyo.

Hiyo posti ya jamaa yako, mfano mmoja tu. Tafuta mstari wa kurudisha Z nyumbani. Ukikuta G91 G28 Z0. vizuri, maana G91 huhesabu kutoka pale zana ilipo. Ukikuta G90 G28 Z0. toka mbio, kwa sababu G28 hupitia kwanza kwenye nukta uliyoitaja, na kwa G90 nukta hiyo ni sifuri ya kazi yako. Itashuka hadi kwenye kalibu ndipo ikumbuke kupanda. Ukitaka kurekebisha kwa mkono nako angalia nukta: Fanuc nyingi zikisoma X50 bila nukta zinaelewa milimita 0.050, yaani ngozi ya kitunguu, siyo sentimita tano.

Kwa hiyo, mkuu, sheria ni moja. HEWA KWANZA. Programu ikitoka kwenye posti, hata kama umebadilisha namba moja, hata kama ni ya juzi na umefunga zana upya, inakata hewa kabla ya kukata chuma. Fungua ukurasa wa ofseti za kazi, kuna mstari wa juu umeandikwa EXT. Hakikisha Z yake ilikuwa sifuri, kisha weka 100. Kila kitu kitapanda milimita 100 bila kugusa programu. Washa kitufe cha mstari mmoja mmoja ili mashine isimame kila baada ya mstari, shusha mwendokasi hadi asilimia 25, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha mwendo. Zana ikimaliza mstari wa G43, chukua rula upime kutoka ncha hadi uso wa kazi. Programu imesema Z15, umeongeza 100, unatakiwa ukute 115. Mimi ningepima ningekuta 35. Milimita 80 zote zingeonekana pale hewani, zimekaa, hazijalipiwa.

Fanya hivyo kwa kila zana, siyo ya kwanza tu. Yangu ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa, ndiyo iliyonipa kiburi. Ukimaliza, ondoa ile 100. Ukisahau utakata hewa siku nzima, kijana wako atakucheka, hiyo ni bei ndogo. Ukirudi kwenye kazi halisi, simamisha tena zana ikiwa inashuka na usome skrini sehemu ya umbali uliobaki. Skrini ikisema imebakiza 40 na jicho linaona vidole viwili, jicho liko sahihi.

Watakuja wadau hapa chini kusema wao hawafanyi hivyo na wanachonga kila siku. Waulize laibrari zao wamezitengeneza wenyewe au wamepewa. Mtu aliyejenga zana zake moja baada ya nyingine, na posti anaijua kwa mkono, muache atambe. Wewe umepewa zote mbili na mtu mmoja kwa siku moja.

Kuhusu Fusion au FreeCAD: Fusion ya bure ni ya matumizi binafsi, siyo ya karakana ya biashara, na tangu Oktoba 2020 imekatwa miguu. Mwendokasi haitoi, inageuza kuwa mwendo wa kukatia, na kubadilisha zana ndani ya faili moja haikuruhusu. Mimi nilikuwa kwenye toleo la majaribio la ile Fusion ya kulipia, lenye mwendokasi wote. Ile ya bure labda ingenivunjia keekee polepole. FreeCAD haina masharti hayo ila utaipambania. Vyovyote utakavyochagua, laibrari tengeneza yako, na hewa kwanza.

Futa faili la jamaa, au angalau fungua kila zana uangalie vile visanduku viwili. Kisha bandika hapa msimbo wako kuanzia juu hadi G43 ya zana ya mwisho, pamoja na picha ya jedwali la ofseti. Niko mtandaoni hadi usiku.