Maswali ya Wasomaji: Magauni mawili yamerudi, nami nimejidharau

SWALI

Assalamu alaykum, Bibi. Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Wete, Pemba, na sasa ninaishi kwa shangazi yangu Ng'ambo, Unguja, ambako huu ni mwaka wa tatu ninajifunza kazi ya cherehani kwa fundi mmoja wa hapa mjini. Nia yangu ni kuwa na duka langu mwenyewe la nguo za harusi. Kabla ya Ramadhani nilichukua, bila ya kumshirikisha fundi wangu, kazi ya magauni sita ya wasichana wa upande wa bibi harusi. Mawili yalirudishwa kwa sababu yalibana kwapani hata mikono ikawa hainyanyuki, na mwenye shughuli alinisema mbele za watu. Tangu hapo, leo najiona ninamshinda hata fundi wangu, na kesho najiona sifai kukata hata foronya. Mama ananiambia kwa simu kwamba mpanda ngazi hushuka, na kwamba hamu yangu ya duka ni kibri. Marafiki zangu wananiambia nijiamini tu. Nipunguze matumaini, au nizidishe kujiamini?

JAWABU

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeyatafuta magauni manne yaliyobaki nisiyaone. Ulishona sita, yakarudi mawili. Kwa hiyo manne yalivaliwa hadi shughuli ikaisha, na hukuyataja hata kwa neno moja. Siku unazojiona unamshinda fundi wako unayahesabu hayo manne peke yake, na siku za foronya unayahesabu yale mawili peke yake. Sita kamili hujawahi kuyahesabu.

Neno la mama nalijibu kwanza, kwa kuwa naona ndilo lililokuchoma zaidi. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) alipowaonya masahaba na kibri, mtu mmoja aliuliza habari ya anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kutaka duka hakumo katika mawili hayo. Lau ungelishikilia kwamba makwapa yalikuwa sawa na wasichana ndio wenye kasoro, hapo ningelimuunga mkono mama yako. Wewe umekiri kwamba yalibana. Ama methali yake, naipenda na nimekulia nayo, lakini isikilize vizuri: imesema mpanda ngazi hushuka, haikusema huanguka, na mwenye kushuka hutia mguu kipago kwa kipago. Mpigie mama umweleze hivyo kwa adabu, kwani anachokiogopa, nadhani, ni kukuona umeaibishwa tena mjini naye yuko mbali.

Ushauri wa marafiki nao una upendo ndani yake, ila kujiamini hakupanui kwapa. Mwanachuoni wa Marekani, William James, aliandika mwaka 1890 kwamba heshima anayojipa mtu ni mafanikio yake yakigawanywa kwa madai yake, yaani kwa yale anayodai kuwa. Alijitolea mfano yeye mwenyewe: kwa sababu alikuwa ameweka kila alichonacho katika elimu ya nafsi, yaani saikolojia, alifedheheka akiona wengine wanamzidi katika elimu hiyo, lakini kutojua Kigiriki hakukumtia unyonge hata kidogo. Wewe huumii kwa kutojua kushika usukani wa mashua. Kwapa lililobana limekuumiza kwa sababu nafsi yako yote umeiweka kwenye mkasi. Kwa hesabu ya James njia ni mbili, kuongeza mafanikio au kupunguza madai, naye aliona kwamba kulitua dai humpumzisha mtu sawasawa na kulitimiza. Mimi kwako sikubali dai lote litiwe chini. Dai la kuwa fundi wa nguo za harusi mwenye duka lake libaki kama lilivyo. Linalofaa kutuliwa ni lile ulilolificha nyuma yake, la kuwa fundi huyo tayari, katika mwaka wa tatu wa kujifunza, bila ya mtu kukusimamia.

Nakisia, na fundi wako atanisahihisha, kwamba magauni yote sita uliyakata kwa karatasi moja, ukaongeza na kupunguza ubavuni tu, na mzunguko wa kwapa hukuupima kwa kila msichana. Wako mafundi ambao kabla ya kutia mkasi katika kitambaa cha ghali hukata kwanza marikani, yaani kitambaa rahisi cha pamba, wakamvisha mtu, wakamwambia anyanyue mikono, wakatia pini panapobana, ndipo wakafumua na kukata kitambaa chenyewe. Fanya hivyo na wewe. Chukua gauni moja moja, si sita kwa mpigo, na uwe na daftari: kabla ya kukata andika siku unazodhani zitatosha na mahali unapodhani patakutatiza, na nguo ikishachukuliwa andika yaliyotokea kweli. Baada ya miezi michache utakuwa na vipimo vyako mwenyewe, vilivyoandikwa kwa mkono wako, na hutahitaji kumuuliza mama, rafiki, wala mimi kama unafaa.

Na yale magauni mawili, kama bado unayo, usiyafiche mvunguni. Mwombe radhi fundi wako kwa kuichukua kazi ile kwa siri, kisha uyafumue makwapa mbele yake, uyatandaze mezani, na umuulize ni inchi ngapi zilikosekana na zilikosekana wapi.