Posho ya ustadhi: wa zamani walilipwa na nani?

*Shikamoo Maalim. Ustadhi anayesomesha watoto wetu chuoni hana mshahara, anaishi kwa ada ya Alhamisi. Sasa kuna mfanyabiashara, na sote tunajua anautaka udiwani, amesema atamlipa posho kila mwezi. Barazani tumegawanyika. Wazee wanasema wanazuoni wa zamani hawakugusa pesa ya wakubwa. Ni kweli?*
*Msomaji, Makorora, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Waligusa, tena wengi wao. Wazee wako nadhani wanamkumbuka Imamu Abu Hanifa, aliyekataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur. Alifariki Baghdad mwaka 767, na mapokeo mengi yanasema mauti yalimkuta kifungoni. Lakini mwanafunzi wake Abu Yusuf alikuwa kadhi mkuu wa Khalifa Harun al-Rashid, na mshahara akala. Pamoja na hayo, katika Kitab al-Kharaj alimwambia khalifa waziwazi asiwauzie watu kazi ya kukusanya kodi, maana watawakamua wakulima ili warudishe fedha zao. Kwa hiyo kulipwa peke yake hakumzibi mtu mdomo.

Kisa cha kuwapelekea barazani ni cha Nizamiyya ya Baghdad, madrasa kubwa ya zama zile. Nizam al-Mulk, waziri wa Waseljuki, watawala wa Kituruki, aliijenga akaiwekea wakfu: mapato ya mali yaliyofungwa kwa ajili yake yalilipa walimu na kuwalisha wanafunzi. Mwaka 1067 siku ya kufunguliwa, watu wakajaa kumsubiri mwalimu mkuu, Abu Ishaq al-Shirazi. Hakutokea. Inasimuliwa kwamba njiani kijana mmoja alimuuliza: utasomeshaje mahali palipojengwa kwa mali ya dhuluma? Sheikh akageuza njia. Ikabidi mwanazuoni mwingine, Ibn al-Sabbagh, akalishwe kitini, akasomesha siku 20 tu, kwani al-Shirazi alibembelezwa hadi akakubali. Hata hivyo, wanasimulia, wakati wa swala ulipofika alikuwa akitoka kwenda kuswali msikiti mwingine. Kusomesha anasomesha, kuswali humo hataki! Wengine watamcheka. Mimi namwelewa sana.

Na msidhani wakfu ulimaliza maneno. Waziri alijiachia mkononi mwake mamlaka ya kumweka na kumwondoa mwalimu. Ndiye aliyempa Imamu Ghazali kiti hicho mwaka 1091, Imamu akiwa na miaka kama 33. Mwaka uliofuata waziri akauawa, na mwaka 1095 Ghazali akaacha kila kitu akaondoka Baghdad. Huko Hebron, penye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka ahadi tatu: hatakwenda kwa mtawala, hatapokea pesa ya mtawala, hatashiriki mijadala ya kushindana hadharani. Mwaka 1106 akarudi kusomesha Nizamiyya ya Nishapur, kwa kuitwa na Fakhr al-Mulk, mtoto wa waziri yule yule. Kabla ya kufariki mwaka 1111 alikuwa amesharudi kwao Tus.

Basi kuhusu ustadhi wenu: aliyesomesha kwa ada ya Alhamisi miaka yote hiyo ana haki ya kula, msimnyime kwa kiburi cha barazani. Ila posho ya bahasha, inayotoka mfukoni mwa mtu kila mwisho wa mwezi, mimi siipendi, hasa uchaguzi ukikaribia. Mwambieni bwana huyo, kama nia yake ni chuo, afanye walivyofanya wazee wa pwani hii: aweke wakfu minazi, au fremu moja ya duka pale Ngamiani, kodi yake imlipe mwalimu. Iandikwe mbele ya mashahidi, msimamizi awe mtu wa jamaa ya msikiti. Na kiongezwe kifungu ambacho Nizam al-Mulk hakukitaka, kwamba mtoaji hana kauli ya nani asomeshe wala nani aondolewe. Akisaini, pokeeni. Akianza kusema atafikiria, mtakuwa mmeshajua posho ilikuwa ya chuo au ya udiwani.