Gari linatikisika kwenye 90? Alaimenti haitakusaidia

SWALI: Fundi, nina Hilux dabo kebini ya dizeli, naitumia kupeleka mchele kutoka Ifakara hadi Dar. Nilifunga rimu pana za dukani na matairi mapya manne. Tangu siku hiyo nikifika 90 usukani unaanza kutetemeka mikononi, kwenye 100 ndiyo unazidi, nikivuka 110 unatulia kidogo. Nimebalansi (kusawazisha uzito wa matairi), nimefanya wili alaimenti mara tatu, na kila mara ripoti inatoka ya kijani. Sasa naambiwa reki ya usukani (chuma kinachopeleka mgeuko wa usukani kwenye matairi) imekufa, ninunue nyingine. Je, ninunue?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Hela ya reki ibaki mfukoni mpaka umalize kusoma hapa.

Ungeniambia gari linavuta kushoto, au matairi ya mbele yanaliwa upande mmoja, ningekupeleka mwenyewe kwenye alaimenti. Kazi yake ni hiyo: kupanga matairi yaelekee yanakotakiwa na yasimame kwa mlalo unaotakiwa. Lakini hujasema linavuta. Umesema linatikisika, tena kuanzia 90, tena tangu siku ulipobadilisha rimu. Ukiwa na kijiwe ndani ya kiatu, kunyoosha miguu hakukitoi. Alaimenti ya kwanza naweza kuisamehe, maana baada ya matairi mapya wengi huifanya. Ya pili na ya tatu ulikuwa unalipia karatasi.

Najua kwa nini inauzika. Mashine ina skrini, ina rangi nyekundu na kijani, na mteja anaondoka na kitu mkononi. Fundi anayechuchumaa pembeni ya tairi moja, akalizungusha polepole na kulikodolea macho, hana karatasi ya kukupa. Kila wiki napokea gari la namna hii, na kila mwenye gari anaanza na maneno yaleyale: "Alaimenti nimeshafanya." Ndiyo, na imekaa sawa, na gari bado linatikisika. Hiyo pekee ilitosha kumwambia fundi wako kwamba anatafuta sehemu siyo. Ukweli ni kwamba alaimenti iliyoharibika kwa muda mrefu huweza kulila tairi hadi likapata mabonde, na tairi hilo ndilo litakalotikisa gari. Lakini likishafika hapo, hata ukinyoosha, mpira ulioliwa haurudi.

Kinachotikisa gari kwa kasi fulani ni kitu kinachozunguka. Shika hilo. Chukua tairi la 265/65 R17 ambalo Hilux nyingi huvaa: mzunguko wake mmoja ni karibu mita 2.4, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 11 kila sekunde. Uzito wa gramu 50 tu uliozidi ukingoni mwa rimu, kwa kasi hiyo, unavuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 5 na nusu, na mvuto huo unazunguka pamoja na tairi. Kwenye 50 nguvu hiyo ni robo yake, ndiyo maana ukipita vijijini huhisi kitu. Nguvu haiongezeki sawasawa na kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, yenyewe inapanda mara nne.

Na hilo la kutulia ukivuka 110 lisikufariji. Springi, bushi na bodi vina kasi ambayo vinaupokea mtikisiko vizuri kuliko kasi nyingine. Ukiipita, wewe unahisi nafuu, beringi na boljointi zinaendelea kula kipigo. Wapo wanaomwambia mteja "wewe kanyaga tu, juu huko inaisha". Mtu wa hivyo usimwachie funguo.

Reki ya usukani haizunguki na tairi. Inapokea tu. Reki iliyolegea, au tairodi endi (kiungo kati ya reki na tairi) yenye mchezo, itauachia mtikisiko ufike mikononi mwako ukiwa mkubwa zaidi, lakini haiwezi kuuanzisha. Kama ilikuwa nzima siku moja kabla ya rimu mpya, haikufa kwa bahati siku ya kuzifunga.

Sasa swali langu kwako: rimu za zamani umeziuza? Kama bado ziko stoo na matairi yake, zifunge zote nne, ingia barabarani, fika 100 pale panaporuhusu. Gari likitulia, umeshapata jibu bila kununua hata nati. Ningeweza kukuambia ubadilishane matairi ya mbele na ya nyuma, na kwa magari mengi hicho ni kipimo kizuri, kwa sababu mtikisiko unahama kutoka usukanini kwenda kwenye kiti. Kwako sikiamini sana, kwa kuwa rimu zote nne ni za aina moja na huenda zote zina kasoro moja.

Kasoro ninayoishuku ni tundu la katikati. Hilux yenye stadi 6 (bolti za kufungia tairi) ina kitovu cha habu, yaani kile chuma ambacho rimu hufungwa juu yake, cha milimita 106.1, na rimu ya kiwandani ina tundu linalokaa juu ya kitovu hicho bila kuacha nafasi. Hapo ndipo rimu inapopata katikati yake. Rimu za dukani ni habari nyingine. Duara la stadi za Hilux, Ranger na D-Max lina kipenyo kilekile, milimita 139.7, lakini matundu ya kati si sawa: Ranger ni 93.1, D-Max ni 100.1. Mtengenezaji anayetaka rimu moja iingie kwenye pikapu zote anatoboa tundu kubwa kuliko vitovu vyote, na muuzaji anakuambia "hii inaingia gari yoyote". Inaingia kweli. Kukaa katikati ndiko hakuna uhakika nako.

Kitovu kisipoishika rimu, kazi ya kuileta katikati inabaki kwa nati. Halafu anakuja kijana na bunduki ya upepo, gari limeshashushwa chini, anaikaza nati ya kwanza mpaka mwisho kabla nyingine hazijagusa. Rimu inaegemea upande mmoja na kubaki hapohapo. Kuhama kwa nusu milimita tu kunatosha kukuharibia safari.

Mashine ya kubalansi haitaliona hilo. Pale rimu inashikwa na koni inayopita kwenye tundu la katikati, kwa hiyo inazunguka katikati yake kamili na skrini inaonyesha sifuri. Inatoka hapo inafungwa kwenye gari, nje ya katikati. Ndiyo maana umebalansi, fundi kakuonyesha sifuri mbili, hajakudanganya, na gari bado linatikisika.

Fungua tairi moja la mbele uangalie mambo haya. Pima tundu la rimu kwa vernia (kipimo cha mkono cha kupima kipenyo), likizidi 106.1 hata kwa milimita moja au mbili, unahitaji ringi za kati. Zinauzwa, na fundi wa kuchonga vyuma anaweza kukutengenezea za alumini: kwa nje ziingie kwenye tundu la rimu yako, kwa ndani zikae juu ya kitovu. Za plastiki mimi sizipendi kwa gari la mzigo, kwa sababu ya joto la breki. Kisha tazama matundu ya nati kwenye rimu, pale nati inapokalia. Ukiona alama inayong'aa imezunguka duara zima, nati ilikaa vizuri. Ukiona inang'aa kama mwezi mwandamo upande mmoja tu, nati ilikuwa inauma upande huo na rimu ilisukumwa. Na hakikisha hukutumia nati za rimu za zamani: nati nyingi za rimu za aloi za Toyota zina washa bapa, wakati rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye kichwa cha koni. Nati bapa kwenye tundu la koni haileti rimu katikati, na mbaya zaidi, hulegea ukiwa njiani.

Kabla ya kurudisha, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya. Ganda la kutu linatosha kuipindisha rimu. Weka ringi, ingiza nati zote 6 kwa mkono, tairi likiwa bado juu ya jeki. Kaza kwa kuvukana, kidogo kidogo, ukilitikisa tairi ili likae. Ukishalishusha, malizia kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya kilomita 100 hivi, rudia kukaza.

Ndipo ukabalansi upya. Mwambie fundi abandue risasi zote za zamani (vile vizito vya kubalansi vinavyobandikwa kwenye rimu) kwanza, aoshe rimu kwa ndani. Nyie wa Kilombero wakati wa masika mnarudi na tope lililoganda nyuma ya rimu, zito kuliko risasi yoyote, na nimeona mtu akibalansi juu ya tope hilohilo. Linakauka, linadondoka kipande barabarani, anarudi analalamika mashine mbovu. Tairi likidai zaidi ya gramu 100, usikubali wapange risasi mstari mzima. Litolewe upepo, lizungushwe nusu duara juu ya rimu, lipimwe tena. Likiendelea kudai, shida iko kwenye tairi lenyewe au rimu imepinda.

Kulijua tairi hakuhitaji mashine. Pandisha gari, weka stendi (jeki peke yake imeshaua watu), simamisha bisibisi juu ya jiwe, ncha yake karibu kugusa mpira, kisha zungusha tairi polepole. Tazama ule mwanya. Ukipanuka na kujibana zaidi ya milimita moja na nusu hivi, tairi hilo si duara, na halitabalansika hata ulijaze risasi. Fanya hivyohivyo kwenye ukingo wa rimu ili ujue mwenye kosa ni nani.

Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, nitaigusa kwa kifupi kwa sababu dalili zako si zake. Propela inazunguka karibu mara nne ya tairi, kwa hiyo mtikisiko wake ni mwembamba, wa mngurumo, unapanda kwenye kiti na sakafu, na mara nyingi hubadilika ukikanyaga au kuachia mafuta. Ila kwa kuwa unabeba mchele, kama uliongeza majani ya springi nyuma, ujue umebadilisha pembe ya difu, na krosi za propela hazipendi hivyo. Na fundi akishusha propela kwa ajili ya klachi, aweke alama kwanza. Ikirudishwa imegeuka kwenye meno yake, utalipa klachi na kuanza ugonjwa mpya. Na kama gari la mtu linatikisika pale tu anapokanyaga breki, atazame diski, hayo ni mambo mengine kabisa.

Kinachonikera kuliko reki yako ni dawa za vijiweni ambazo kazi yake ni kukufanya usihisi. Kuna wanaopunguza upepo wa tairi ili "lilainike". Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo linapata moto, na joto ndilo linaloachanisha nyuzi. Kuna wanaotia maji au dawa ya pancha ndani ya tairi wakisema itajipanga yenyewe. Na wenye Land Cruiser za pikapu zenye ekseli nzima mbele wanalijua tatizo jingine: gari linapita kwenye bonde, usukani unaanza kucheza kushoto kulia kwa fujo na haukomi mpaka upunguze kasi. Hao wanauziwa dampa (shokomzoba ya usukani) iliyo ngumu zaidi. Dampa inaufunika mchezo kwa miezi michache, huku beringi za kingipini au bushi za fimbo ya ekseli zikiendelea kulegea, na siku dampa ikishindwa, mchezo unarudi mkubwa kuliko ulipoanza.

La hatari zaidi ni tairi la mtumba. Tairi ambalo mkanda wake wa waya umeanza kuachana na mpira huanza na mtikisiko mdogo unaokua wiki hadi wiki. Anayeuchukulia kuwa ni wa alaimenti anakwenda kupanga matairi, anarudi barabarani, na siku moja akiwa na abiria nyuma, ngozi yote ya tairi inabanduka. Kwa hiyo yeyote mwenye mtikisiko unaoongezeka bila kubadilisha kitu chochote, apitishe kiganja juu ya kila tairi, lote, hata upande wa ndani usioonekana. Akikuta uvimbe au sehemu iliyoinuka, tairi hilo lisiende hata gereji likiwa kwenye gari. Afunge spea palepale. Asome pia tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa zilizoko ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji atakuambia kashata (meno ya tairi) bado ndefu. Kashata ndefu haionyeshi umri wa gundi iliyoko ndani.

Wewe matairi yako ni mapya, kwa hiyo anza na vernia. Kipimo cha tundu kikija 106.1 kamili na nati ni zake, niandikie tena pamoja na ulichokiona kwa bisibisi, tairi moja moja. Reki isubiri.