Gunzi la euro 1,870

Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji waliowahi kuishi ughaibuni kama mbwa na paka wanatunzwa vizuri zaidi huko kuliko hapa nyumbani, na waliwezaje kumudu gharama za daktari wa wanyama. Mimi na mke wangu tuliishi Berlin, Ujerumani, kuanzia 2016 hadi mwanzoni mwa 2024, na kwa miaka mitano ya mwisho tulifuga mbwa jike aitwaye Bahati, ambaye sasa tunaye hapa Gangilonga, Iringa. Najua kwamba watani wangu wakisikia Mhehe, mtu wa kabila linalotaniwa kuwa hula mbwa, ameandika barua ndefu kuhusu kumtibu mbwa watapata la kusema mwezi mzima. Nawapa ruhusa, kisha tuendelee.

Agosti 2023 Watanzania kadhaa tulikutana bustanini kuchoma nyama na mahindi. Kwetu mbwa akitupiwa gunzi hulitafuna au huliacha, wala hakuna anayemtazama mara mbili. Bahati alimeza kipande. Kesho yake akaanza kutapika, na Jumapili usiku, tumbo likiwa limekaza, tukamkimbiza kwenye hospitali ya wanyama iliyokuwa zamu. Alipigwa eksirei, akapewa nusu kaputi, akapasuliwa, na kipande chenye urefu wa kidole gumba kikatolewa kwenye utumbo. Baada ya kulazwa siku mbili tukakabidhiwa mbwa pamoja na bili ya euro 1,870. Niliomba nifafanuliwe mstari kwa mstari, na karani alifanya hivyo bila kukunja uso.

Kule daktari wa wanyama hajipangii bei apendavyo. Ipo kanuni ya serikali inayotaja kila huduma na kiwango chake, ambayo iliandikwa upya Novemba 2022 baada ya ile ya 1999 kupitwa na wakati. Kumpima mbwa kwa kawaida, yaani kumsikiliza moyo, kumpapasa tumbo na kumtazama ufizi, ni euro 23.62 kabla ya kodi, kiasi ambacho kwa fedha yetu kinazidi shilingi 60,000 hata kabla dawa haijaandikwa. Daktari anaruhusiwa kutoza hadi mara tatu ya kiwango hicho kulingana na ugumu wa kazi. Usiku, mwisho wa wiki na sikukuu hatakiwi kutoza chini ya mara mbili na anaweza kufika mara nne, huongezwa ada ya dharura ya euro 50, na mwisho inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19. Nilipomaliza kusikiliza nilikuwa na huzuni, lakini sikuweza kusema nimeibiwa.

Tuliilipa kwa awamu tatu, na likizo ya nyumbani ya mwaka ule ikafa. Wajerumani wengi tuliokuwa tukikutana nao kwenye matembezi ya jioni walikuwa na bima ya upasuaji ya mbwa, wanayoilipia kidogo kidogo kila mwezi, nasi tulikuwa tumeidharau tukiona ni anasa ya watu walioshiba. Ukiikumbuka baada ya mbwa kuugua umechelewa, kwa kuwa bima hailipii maradhi yaliyokwisha kuwapo.

Bima tuliyokuwa nayo ni ile ambayo Berlin ni ya lazima: ya kufidia madhara ambayo mbwa wako anaweza kumsababishia mtu mwingine. Pamoja nayo mbwa sharti awe na chipu ndogo ya utambulisho chini ya ngozi, na mwenyewe hulipa jiji kodi ya mbwa, euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza na euro 180 kwa kila anayeongezeka. Kodi hiyo, kwa taarifa yenu, haitengwi kwa ajili ya mbwa. Inaingia kwenye mfuko wa jumla wa jiji, jambo lililonifanya ninung'unike kila ilipofika siku ya kulipa. Bima ile niliielewa vizuri baada ya kurudi Iringa.

Mwaka jana mtoto wa darasa la tatu, jirani yetu wa chini ya kilima, aliumwa na mbwa aliyekata mnyororo. Mwenye mbwa hakuwa na karatasi yoyote ya chanjo. Kwa bahati nzuri mwalimu mmoja aliyekuwa akipita alimwosha mtoto kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kama inavyotakiwa, ndipo akapelekwa hospitali. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa, kwa hiyo mama yake, ambaye anauza mboga gengeni, hakukaa kusubiri aone itakuwaje. Alilipia dozi nne kwa shilingi 30,000 kila moja, acha nauli na siku ambazo genge lilifungwa. Mwenye mbwa alikuja kutoa pole na kilo mbili za sukari. Mimi nilimchanja Bahati mwaka huo huo kwa shilingi 10,000, na karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuna miaka ambayo mbwa huchanjwa bure kwenye kampeni.

Kwa hiyo nikiulizwa kama gharama za kule ni kubwa kuliko za hapa, sijibu haraka. Kule bili yote, pamoja na ya mguu wa mtoto wa mwenzako, inamfuata mwenye mbwa. Hapa kufuga ni rahisi kwa sababu bili iliyo nzito kuliko zote inapelekwa nyumba nyingine, mara nyingi nyumba isiyo na mbwa kabisa.

Kuhusu matunzo yenyewe, kuna jambo moja ambalo Wajerumani walinitia aibu, nalo ni mnyororo. Tangu Januari 2022 kanuni zao zimepiga marufuku kumfunga mbwa kama namna ya kumfuga, na zinamtaka mwenyewe amtoe nje vya kutosha. Nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ila nimekulia Kihesa kwenye nyumba ambayo mbwa alifungwa alfajiri na kufunguliwa usiku, na hadi nilipoondoka nchini sikuwahi kujiuliza mchana kutwa alikuwa akiwaza nini. Hata hivyo sikubali kwamba mbwa wa kule ana raha kutuzidi kwa kila kitu. Jirani yetu wa ghorofa ya tatu alikuwa na mbwa mwenye godoro, koti la baridi na chakula cha kopo, na mbwa huyo alikaa peke yake saa nane kila siku akilia mlangoni. Wa kwetu hapa anakula ugali na dagaa, lakini ua una watu tangu asubuhi hadi usiku.

Madaktari wa hapa nawatetea. Nyanda za juu kusini ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku, na bwana mifugo amejifunza kazi yake humo. Bahati alipopata homa ya kupe, bwana mifugo wetu alikuja kwa pikipiki, akamfunua mdomo, akaona ufizi umepauka, akajua. Sindano, dawa na nauli vilikuwa shilingi 25,000. Nisichokipata karibu ni eksirei. Gunzi lile lingemezwa hapa, nadhani ningekuwa njiani kwenda Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, zaidi ya kilomita 300, na sijui kama tungefika naye.

Kwa anayefikiria kusafiri na mbwa, nitaje jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kwama. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini kwa kichaa cha mbwa. Mbwa anayetoka huku sharti awe na chipu, achanjwe, kisha apimwe damu si chini ya siku 30 baada ya chanjo ili kuthibitisha kwamba kinga imefikia yuniti 0.5 kwa mililita, na baada ya kuchukuliwa damu hiyo asubiri miezi mitatu ndipo aingie. Anayeondoka Ulaya akitarajia kurudi na mbwa wake anaweza kukwepa kusubiri huko iwapo kipimo kitafanywa na kuandikwa kwenye pasipoti ya mbwa kabla ya kuondoka. Mke wangu alisisitiza tulipie kipimo hicho japokuwa hatukuwa na mpango wa kurudi, na chanjo nasi tunaifuata kwa tarehe ili kisipoteze nguvu.

Bahati ameshazoea baridi ya Juni hapa kilimani na amejifunza kuwabwekea bodaboda. Msimu wa mahindi mabichi ukifika, watoto wakimaliza kula, mmoja huzunguka ua na ndoo akiokota magunzi kabla yeye hajayafikia.