Baiskeli ya mbio ya kizamani kwenye barabara ya vumbi: anza na gia ya kupandia

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote. Umeachiwa na mjomba baiskeli ya mbio ya zamani, fremu ya chuma, mbele meno 52 na 42, nyuma 14 mpaka 28, na unataka kuipeleka kwenye vumbi na changarawe. Umeuliza ununue tairi gani. Wadau wamekutajia matairi, na mmoja kakushauri utupe vyote uweke seti ya kisasa, sproketi moja mbele na kumi na moja nyuma. Bei yake hakuitaja, na namwelewa kwa nini.

Mimi njia hiyo nimeipita na Peugeot UO-8 ya miaka ya 1970, hapa hapa Moshi. Tairi ni swali la pili. La kwanza ni gia ya kupandia.

Niliinunua kwa mzee mmoja wa Majengo ambaye aliachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya. Mbele 52 na 40, nyuma 14 mpaka 28, gia tano, krenki (mikono ya pedeli) za kotapini, zile zinazofungwa kwa pini, kama za Phoenix, rimu za chuma za inchi 27. Nikaisafisha, nikatia grisi na hewa, nikateremka nayo TPC, kwenye kiwanda cha sukari. Kule kwenye barabara za mashamba ya miwa ni tambarare, vumbi jepesi, baiskeli ikawa inaimba. Nikajiona nimepata. Jumamosi iliyofuata nikaielekeza Kibosho. Kilomita ya tatu ya mlima nikawa nasukuma. Mama mmoja anayerudi sokoni na beseni kichwani akanipita, akasema "pole baba", wala hahemi.

Siku ile niliilaumu miguu. Jioni nikapiga hesabu nikakuta miguu haina kosa. Chukua meno ya mbele, gawa kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa tairi ya 700 kwa 35 ni kama mita 2.17. Wewe gia yako nyepesi kabisa ni 42 kwa 28, yaani 1.5, sawa na mita 3.26 kila unapozungusha pedeli mara moja. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unatakiwa uwe unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa. Juu ya changarawe, kwenye mlima wa Kichaga, mtu wa kawaida hafiki huko. Kwa hiyo pedeli zinapungua mpaka 40, mpaka 30, unasimama kwenye pedeli, na ukisimama uzito unatoka gurudumu la nyuma, linateleza. Imekwisha, unashuka.

Mimi sasa napandia 28 mbele na 34 nyuma. Hiyo ni mita 1.79 kwa mzunguko. Kwa mizunguko ile ile 60 naenda kilomita 6.4 kwa saa nikiwa nimekaa kitini, gurudumu la nyuma limeshika ardhi. Wala spidi sijapoteza. Kaseti yangu, yaani fungu la sproketi za nyuma, inaanzia meno 11, na 38 kwa 11 ni 3.45. Ile ya zamani, 52 kwa 14, ilikuwa 3.71. Tofauti hiyo utaiona ukiwa unateremka lami ya kwenda Boma Ng'ombe, kwingine popote hutaiona. Hizi baiskeli zilipewa sproketi kubwa mbele kwa sababu friwili (fungu la zamani la sproketi za nyuma) nyingi za wakati ule zilianzia meno 14. Ukiwa na 11 nyuma, 52 ya nini?

Kabla hujanunua chochote pima krenki yako. Kama ina mikono mitano, pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya boliti ya jirani yake. Ukipata karibu milimita 85, krenki hiyo haishuki chini ya meno 41, iache ikae ukutani. Ukipata 76, mwisho wake ni 38. Ukipata 65, una bahati, sproketi ya 34 inaingia bila ugomvi. Nyuma ukiweka 34, umepata 34 kwa 34, yaani 1, na kwa milima mingi inatosha.

Yangu ilikuwa ya kotapini, hakuna cha kupima. Na kotapini za Kifaransa ni milimita 9, za Phoenix ni 9.5, ya dukani haiingii mpaka uipige tupa. Nikaenda Memorial, soko la mitumba, nikatoka na krenki ya baiskeli ya mlimani ya mtumba, sproketi tatu, 48, 38 na 28. Ile ya 48 nikaisaga meno yote, nikairudisha kama kinga ya suruali. Vijana wanaicheka. Suruali zangu hazina grisi.

Sasa sikiliza habari ya vikombe vya krenki, vinavyoshika gololi za shafti ndani ya fremu, kwa sababu kama ya mjomba ni ya Kifaransa yatakukuta haya haya. Kwenye Raleigh za kawaida na baiskeli nyingi tulizozizoea, kikombe cha upande wa cheni kina uzi wa kinyume, unafungua kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Wa Kifaransa wa zamani, pande zote mbili ni uzi wa kawaida, milimita 35 kwa 1. Fundi wangu, mtu wa Raleigh na Phoenix tangu utoto, akavaa spana upande wa cheni akasukuma anakokujua. Haitikisiki. Akatia mafuta, tukanywa chai, akaunganisha bomba kwenye spana. Haitikisiki. Tukapanda juu ya bomba watu wawili, fremu imelalia tairi la gari. Nikashuka nikamulika kwa simu, nikaona rangi ya fremu pembeni ya kikombe imeanza kukunjamana kuelekea upande ule ule tunaosukuma. Nusu saa nzima tulikuwa tunakaza. Tukageuza, ikalia "kwaa", ikaachia. Fundi hakusema neno, aliwasha sigara tu.

Vikombe vyenyewe usivitupe hata kama vimechakaa kidogo, kwa huku kuvipata vipya ni kazi. Nilivirudisha vile vile, nikabadilisha shafti tu, nikaweka yenye ncha za mraba inayokubali krenki mpya, na gololi mpya 11 kila upande, za robo inchi. Shafti nilijaribu tatu kutoka kwenye kopo la vyuma chakavu. Mbili zilikuwa ndefu, sproketi ikakaa mbali na cheni ikawa inakwenda upande.

Gurudumu la nyuma ndilo lililonitia hasara. Awamu ya kwanza nilifanya rahisi, nikafungua fremu kutoka milimita 120 hadi 126, nikaweka habu (kitovu cha gurudumu) ya uzi na friwili ya gia saba, 14 mpaka 34. Ilikaa miezi mitano. Siku moja narudi kutoka Kahe, njia ina mawimbi kama bati, nikasikia kitu kimekatika, breki ya nyuma ikaanza kugusa rimu upande mmoja. Ekseli imekatika katikati, imeshikiliwa na kufuli za gurudumu tu. Kwenye habu za friwili, gololi za upande wa cheni zinakaa ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki hewani kikibeba uzito. Gia tano kinavumilia. Gia saba juu ya mawimbi hakivumilii. Habu ya kaseti gololi zake zinasogea hadi karibu na fremu, ndiyo maana nikaihamia: habu ya milimita 130, kaseti ya gia nane, 11 mpaka 34.

Kwa hiyo fremu ikafunguliwa tena. Hii ni kwa chuma tu, aluminiamu usiiguse. Nilitumia fimbo ya uzi, nati mbili na washa nene, nikawa nafungua kidogo kidogo. Chuma kinarudi, usishangae: nilifungua mpaka 145 ikarudi 126, nikaenda 155 ikatulia 130. Kisha chukua uzi wa mshonaji, ufunge nyuma panapokaa gurudumu upande mmoja, uzungushe kwenye shingo ya mbele ya fremu, uurudishe nyuma upande wa pili, uukaze. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Yangu ilitofautiana milimita 3, maana mkono mmoja ulikuwa mlaini kuliko mwenzake. Nikausukuma ule mgumu peke yake mpaka zikalingana.

Direla, kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, nimechukua ya baiskeli ya mlimani, ya mkono mrefu. Hesabu yake: tofauti ya meno mbele jumlisha tofauti ya nyuma. Kwangu ni 10 na 23, jumla 33, na nyingi za mkono mrefu zinafika huko. Fremu yangu haina sikio la kuishikia, nikatumia kipande cha kufungia kwenye ekseli, vipo kwa kila fundi. Levaa za gia nimeacha za zamani, zile za kwenye bomba la chini zisizo na "kat-kat". Zinakubali karibu kaseti yoyote. Kubadili gia huku mkono mmoja umeachia usukani kwenye mawe kunataka mazoezi ya wiki mbili.

Tairi sasa, maana ndilo ulilouliza. Usimwambie muuzaji "naomba 28". Ya 28 kwa moja na nusu ya Phoenix inakaa kwenye rimu ya milimita 635. Ya 700, ambayo pia huandikwa 28, ni 622. Rimu ya inchi 27 ya baiskeli za mbio za zamani ni 630. Tairi la Phoenix litaingia kwenye rimu ya 27 kwa urahisi mno, ukijaza hewa linaruka na tyubu inapasuka masikioni mwako. Soma namba ndogo ubavuni, kwa mfano 37-622, na uangalie hiyo ya pili. Na kama rimu zako ni 630, kuna njia ya mkato ambayo sijaona mtu akiitaja: baiskeli za mtumba za akina mama kutoka Japani, zenye kikapu mbele, nyingi zimeandikwa 27 kwa 1 3/8. Hiyo ni 37-630, rimu ile ile kabisa, na upana wa milimita 37. Nilizitumia nusu mwaka. Tatizo langu lilikuwa nafasi, matope ya Kibosho yalijaa kati ya tairi na fremu gurudumu likagoma.

Kilichonihamishia kwenye 622 hasa ni breki. Rimu ya chuma ikilowa, raba ya breki inateleza kama sabuni. Nilishuka kutoka Kibosho mvua imeanza, nimekamata breki zote mbili mpaka levaa zinagusa usukani, baiskeli haina habari. Nikachagua ua wa masale wa watu nikaingia nao. Mwenye nyumba akatoka. Kwa Mchaga anayesoma hapa hakuna haja ya kueleza, nilikuwa tayari nimeshika jani la sale, ambalo Wachaga huombea msamaha.

Rimu za aluminiamu za 622 zinakaa milimita 4 chini ya zile za 27, kwa hiyo raba za breki lazima zishuke milimita 4. Breki zangu zina mikono mirefu, zimefika. Angalia zako kabla hujalipia rimu. Na hizo milimita 4 ndizo zilizonipa nafasi ya tairi la 35, matope yanapita.

Hewa usimwachie fundi, atajaza mpaka tairi liwe jiwe. Mimi nina kilo 72, naweka psi 45 nyuma na 40 mbele, na ndani nimelaza ukanda wa tyubu kuukuu kwa ajili ya miiba ya migunga.

Wewe nitumie vitu vitatu: umbali wa boliti kwa boliti kwenye krenki, namba ya ubavuni mwa tairi, na upana wa fremu nyuma, ndani kwa ndani. Kama krenki ni ile ya 76, usinunue kitu, ninayo 38 moja hapa imekaa bure.