Mkopo wa kusomea usanifu majengo: je, mshahara utaubeba?

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: umepata nafasi ya kusomea usanifu majengo hapa Tanzania, na unahofia kuhitimu ukiwa na deni la Bodi ya Mikopo la takribani shilingi milioni 20 ilhali mishahara ya kuanzia ni midogo.

Anza na hesabu. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo ukilipwa, tuseme, shilingi 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, na deni hilo litakuchukua karibu miaka 14. Ni muda mrefu, lakini tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021, hivyo deni halivimbi kila mwaka kama zamani. Mkopo wa benki ni jambo jingine kabisa, kwa sababu riba yake haikusubiri upate kazi, huo nisingeugusa.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba shahada pekee haikupi haki ya kujiita msanifu majengo. Ni lazima ufanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha ufaulu mitihani ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na katika kipindi hicho kipato huwa hafifu. Waulize wahitimu wa karibuni wanalipwa kiasi gani, na utenge fedha za kompyuta na modeli, ambazo hugharimu kuliko wengi wanavyodhani.

Kabla ya kusaini, omba ofisi ya mikopo ya chuo ikufafanulie masharti ya marejesho kwa asiyeajiriwa.